Nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu karibu na mizinga ya nyuki: ni spishi gani?

Bi Mzinga (Lushoto) ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa kumtambua nondo niliyemkuta asubuhi nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa jiko, hatua chache kutoka mahali ninapofugia nyuki. Ni mkubwa kuliko nondo wote wanaokuja kwenye taa yangu usiku. Akiwa ametulia, mabawa yake ya mbele yanafunika mwili wote, na rangi yake ni hudhurungi iliyokoza hadi kukaribia weusi, yenye mistari myembamba ya mawimbi na madoa ya rangi ya udongo, kiasi kwamba mtu anayepita haraka hawezi kumtofautisha na kipande cha gome la mti. Juu ya kifua, nyuma tu ya kichwa, ana alama ya manjano iliyopauka yenye vidoa viwili vyeusi, na kila aliyeitazama hapa nyumbani amesema neno lilelile, kwamba ni fuvu la kichwa cha mtu.

Nilipojaribu kumfunika kwa bilauri, aliinua mabawa, akaonyesha tumbo la manjano lenye pingili nyeusi, kisha akatoa mlio mkali kama wa panya aliyebanwa. Sijawahi kusikia nondo akitoa sauti, na watoto waliokuwa pembeni walikimbia. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, amenishauri nimuue na kumchoma moto kwa sababu mdudu mwenye sura hiyo huleta msiba. Sitaki kumvunjia heshima, lakini pia sitaki kuua kiumbe kabla sijajua ni nini.

Ninaomba kujua ni spishi gani, kama ana sumu au mwiba unaoweza kuwadhuru watoto, na kama kuwapo kwake karibu na mizinga ni jambo la bahati tu au kuna anachokitafuta. Naongeza jambo moja ambalo huenda linahusiana: katika kitalu changu cha viazi mviringo nimeona kiwavi mnene mno, mwenye pembe mkiani, ambaye amekula majani ya shina moja karibu yote. Je, huyo ni mtoto wa nondo huyu?

Mpenda Wadudu (Morogoro) amejibu:

Dada yangu Bi Mzinga, nakushukuru kwa maelezo ya kina, kwa kuwa wengi wetu huleta picha moja ya juu na kuishia kusema kwamba mdudu ni mkubwa.

Umbo unalolieleza ni la familia ya Sphingidae, yaani nondo wenye mwili mnene uliochongoka kwa nyuma, mabawa ya mbele marefu na membamba, na uwezo wa kuruka kwa kasi kubwa. Ndani ya familia hiyo, jina linalonijia mara moja ni *Acherontia atropos*, spishi iliyopewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758, ambayo hupatikana sehemu kubwa ya Afrika na hufika mpaka Ulaya. Urefu wake kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa jingine huwa kati ya sentimita 9 na 13, na kwa hiyo ni miongoni mwa nondo wazito kabisa tunaoweza kukutana nao katika bustani zetu.

Hata hivyo, sipendi utambuzi usimame juu ya alama ya fuvu peke yake. Alama hiyo imechorwa na vigamba vidogo mno vinavyofunika mwili wa nondo, na vigamba hivyo hupukutika kadiri nondo anavyozeeka au anavyojisugua mahali penye msongamano, hata fuvu likabaki doa lisiloeleweka. Tena macho ya binadamu huona sura mahali pengi ambapo hapana sura. Ndiyo maana ninakuomba uangalie mambo manne mengine. Kwanza, mabawa ya nyuma, ambayo hufichwa chini ya yale ya mbele: kwa *Acherontia atropos* yanapaswa kuwa ya manjano iliyokolea, yenye mikanda miwili myeusi. Pili, sehemu ya juu ya tumbo: pamoja na pingili nyeusi ulizoziona, unapaswa kukuta mstari mpana wa kijivu cha samawati unaoshuka katikati ya mgongo hadi mwisho. Tatu, doa dogo jeupe karibu na katikati ya kila bawa la mbele. Nne, mrija wa kunyonyea, ambao kwa spishi hii ni mfupi, mnene na mgumu.

Ninasisitiza mrija kwa sababu upo nondo mwingine wa familia hiyohiyo, *Agrius convolvuli*, ambaye ni mkubwa karibu sawa na huyu na ni wa kawaida sana Afrika Mashariki. Huyo ni wa kijivu, pingili zake za tumbo ni za waridi badala ya manjano, na mrija wake ni mrefu kuliko mwili wake mzima, hivyo huukunja chini ya kichwa na kuukunjua anapokunywa utamu wa maua marefu akiwa bado anaelea hewani. Kwa tumbo la manjano na mlio uliousikia, ninamweka kando.

Kuhusu usalama wa watoto, ondoa wasiwasi kabisa. Hana mwiba, hana sumu na haumi. Vigamba vyake vikiingia machoni vinaweza kuwasha kama vumbi lolote, kwa hiyo mikono ioshwe baada ya kumshika, na hilo linatosha.

Kiwavi wako wa viazi ni ushahidi wenye thamani kubwa. Tafadhali tuambie rangi yake, mistari ya ubavuni, na hasa umbo la ile pembe: je, ni laini na iliyopinda mara moja, au ina vinundu na imejikunja kwenye ncha?

Ukitaka kumtazama nondo bila kumuumiza, mfunike kwa bilauri pana, pitisha karatasi ngumu kati ya mdomo wa bilauri na ukuta, kisha mweke mahali penye baridi na kivuli kwa muda mfupi. Akipoa hutulia, nawe utaweza kumtazama pia kwa chini. Weka rula pembeni unapopiga picha, kwa maana kipimo cha rula hakibishaniwi.

Mrina Asali (Sikonge) amejibu:

Bi Mzinga, kuhusu mizinga, si bahati. Anatafuta asali.

Sisi tunaorina katika misitu ya miombo huku Tabora tunamfahamu, ingawa wengi hawamjui kwa jina. Huja usiku, hutua karibu na tundu la mzinga, huingia kwa kutembea, na kwa ule mrija mfupi aliouzungumzia Mpenda Wadudu hutoboa kifuniko cha nta kwenye sega na kunyonya asali. Mrija mrefu na mwembamba usingeweza kazi hiyo. Kwa sababu ya ufupi huohuo, maua yenye shingo ndefu hayamfai, kwa hiyo chakula chake kingine ni utomvu unaovuja kwenye mashina ya miti na matunda yaliyoanza kuoza.

Utajiuliza ni vipi mdudu mkubwa namna hiyo aingie katikati ya maelfu ya nyuki wetu wa Kiafrika, ambao sote tunajua ukali wao, kisha atoke mzima. Mwaka 1991 watafiti Moritz, Kirchner na Crewe walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa kemikali zilizo juu ya ngozi ya nondo huyu, wakaonyesha kwamba amepakwa asidi nne za mafuta zinazopatikana pia kwenye mwili wa nyuki, tena kwa uwiano unaokaribiana sana na wa nyuki wenyewe. Ndani ya mzinga kuna giza, na nyuki humtambua mwenzao kwa harufu na kwa kumgusa na papasi, kwa hiyo mgeni mwenye harufu ya nyumbani hupita bila kuhojiwa. Hilo ni jambo ambalo mimi binafsi huliona la ajabu kuliko hata lile fuvu. Ngozi yake nene humsaidia pia pale nyuki wachache wanapomshuku na kumchoma, ingawa si kila mara hutoka salama. Wafugaji hupata mara mojamoja mzoga wa nondo huyu sakafuni mwa mzinga ukiwa umepakwa gundi ya nyuki pande zote, kwa sababu ni mzito mno kwa nyuki kuutoa nje, na gundi hiyo huuzuia usioze na kuchafua mzinga.

Hasara yake ni ndogo. Asali anayokunywa nondo mmoja haiwezi kuonekana kwenye mavuno yako, na kundi lenye nguvu halitikisiki. Adui wa kweli wa masega ni nondo mwingine kabisa, yule mdogo wa kijivu anayeitwa nondo wa nta, *Galleria mellonella*, ambaye viwavi wake hutoboa masega kwa mahandaki na kuyaacha yamejaa utando na vinyesi, hasa pale kundi linapodhoofu au masega yanapohifadhiwa ghalani bila uangalizi. Huyo ndiye wa kumchunga kila unapofungua mzinga.

Ikiwa bado hupendi mgeni huyu mkubwa aingie, punguza kimo cha tundu la kuingilia. Upenyo wa milimita 8 hivi humruhusu nyuki kupita na mzigo wake wa chavua, lakini nondo mwenye kifua kinene namna hiyo hawezi kupenya. Nyuki wenyewe wanajua ujanja huo. Mtafiti François Huber wa Uswisi, aliyekuwa kipofu na ambaye uchunguzi wake wa nyuki unaheshimiwa hadi leo, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 jinsi makundi yaliyosumbuliwa na nondo huyu yalivyojenga kuta za nta na gundi mlangoni, zenye vijia vyembamba vya kupitisha nyuki tu.

Nami nimalizie na kiwavi. Huku kwetu huonekana mara mojamoja kwenye mashamba ya tumbaku, ambayo ni ya ukoo mmoja na viazi mviringo, nyanya na bilinganya. Kwa hiyo uliyemwona kwenye viazi vyako hanishangazi.

Mwana wa Maskati amejibu:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwenye asili ya Unguja ninayeishi Oman, na nimefuatilia nondo wa familia hii kwa miaka mingi. Ningependa kuongeza jambo moja la utambuzi kabla hatujafunga shauri, kwa sababu jenasi ya *Acherontia* ina spishi tatu, na zote tatu zina fuvu.

Ya kwanza ni *atropos*, mliyoitaja. Ya pili ni *styx*, ambayo eneo lake linaanzia Bara Arabu na Iraki na kwenda hadi India, China na Japani. Ya tatu ni *lachesis*, ya India na Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo ni kubwa zaidi na yenye weusi mwingi zaidi, hata kwenye mashina ya mabawa ya nyuma. Mtu wa Lushoto hatarajiwi kukutana na hizi mbili za mwisho. Lakini picha nyingi zinazozunguka mitandaoni zikiwa na jina la *atropos* ni za *styx* zilizopigwa Asia, na mtu akilinganisha nondo wake na picha hizo anaweza kuchanganyikiwa pasipo sababu.

Tofauti zilizo rahisi kuziona ni hizi. Doa la katikati ya bawa la mbele kwa *atropos* ni jeupe, ilhali kwa *styx* ni la rangi ya chungwa. Ukimgeuza nondo na kutazama upande wa chini wa bawa la mbele, *atropos* ana mkanda mmoja mweusi katikati, na *styx* ana miwili. Chini ya tumbo, *atropos* ana alama nyeusi zinazokatiza kila pingili, na *styx* kwa kawaida hana. Fuvu la *styx* nalo huwa jeusi zaidi, lisilotokeza waziwazi kama unavyolieleza wewe.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujamwachia nondo wako, mtazame tumboni. Alama za mgongoni zimeshapata watazamaji wa kutosha.

Bi Mzinga (Lushoto) ameandika tena:

Nawashukuru nyote. Nilifuata maelekezo ya bilauri na karatasi, nikamweka nondo kwenye boksi chini ya kivuli cha mparachichi, naye alitulia kiasi cha kunipa nafasi ya kumtazama vizuri.

Rula inaonyesha sentimita 11 kutoka ncha hadi ncha. Mabawa ya nyuma ni ya manjano yenye mikanda miwili myeusi, na ule wa nje umepinda kwa meno madogomadogo kufuata mishipa ya bawa. Doa la katikati ya bawa la mbele ni dogo mno, ila ni jeupe, na ningelipita kama msingenielekeza mahali pa kulitafuta. Katikati ya mgongo wa tumbo upo mstari wa kijivu cha samawati. Chini ya tumbo kuna alama nyeusi zinazokatiza kila pingili, na chini ya bawa la mbele nimehesabu mkanda mmoja. Mrija sikuuona mwanzoni kwa kuwa alikuwa ameukunja, lakini nilipomsogezea tone la asali kwenye kijiti aliukunjua na kunywa, nao ni mfupi, mnene, wenye ncha ngumu. Nikiwa nimeinama karibu hivyo niliona pia kwamba alama ya fuvu si rangi iliyolala juu ya ngozi, bali ni manyoya mafupi yaliyosimama kama mahameli, ya manjano pembeni na meusi mahali pa macho.

Kiwavi naye bado yupo. Ni wa rangi ya manjano inayoelekea kijani, urefu wake unapita upana wa kiganja changu, na kila ubavu una mistari ya samawati iliyolala kimshazari ikiwa na ukingo wa manjano. Pembe ya mkiani imejaa vinundu na imejikunja kwenye ncha. Nilipomgusa kwa jani alikusanya kichwa chake ndani na kutoa sauti ya kugongagonga kwa meno.

Sasa ninauliza juu ya viazi vyangu. Je, ninyunyize dawa?

Mpenda Wadudu (Morogoro) amejibu:

Shauri limekwisha. Nondo wako ni *Acherontia atropos*, na kiwavi wako ni wa spishi hiyohiyo. Pembe yenye vinundu na iliyojikunja, pamoja na mistari ya samawati ya kimshazari, haiachi nafasi ya shaka. Viwavi wa spishi hii huwa wa manjano, wa kijani au wa hudhurungi, hivyo ukikutana na mwingine wa rangi tofauti kwenye mnavu, mnanaha au bilinganya, usidhani umepata spishi mpya. Tazama pembe kwanza.

Kuhusu dawa, ninakusihi usinyunyize. Jike wa nondo huyu hutaga mayai mojamoja, akiyatawanya chini ya majani ya mimea mbalimbali, na kwa sababu hiyo mkulima humkuta kiwavi mmoja au wawili, si kundi. Mmoja huyo anakula sana katika siku zake za mwisho, lakini akishanenepa hadi sentimita 12 au 13 huacha kula na kushuka ardhini. Dawa utakayonyunyiza kwa ajili yake itawafikia nyuki wako ambao wapo hatua chache tu, na hasara hiyo haitalingana hata kidogo na majani ya shina moja. Mhamishie kwenye mnavu au mnanaha unaoota pembezoni mwa shamba. Mshike bila hofu, kwa maana pembe yake ni laini na haichomi, tofauti na wale viwavi wenye manyoya washawasha ambao watoto wote wa vijijini wanawaogopa kwa haki. Nguvu zako za kupambana ziweke kwa nondo wadogo wanaoharibu kweli: yule anayetoboa viazi vyenyewe, *Phthorimaea operculella*, na kwa wenye nyanya, kantangaze.

Ukivuna viazi, chimba kwa uangalifu pale kiwavi alipokuwa. Huchimba chumba chake chini ya udongo kwa kina cha sentimita 15 hadi 40, na humo hugeuka pupa mkubwa wa hudhurungi inayong'aa. Jembe likimfikia, hufa. Ukimkuta mzima, mrudishe kwenye udongo wenye unyevunyevu na umfunike.

Mwalimu wa Sayansi (Voi) amejibu:

Nimeguswa na habari ya jirani, na ningependa Bi Mzinga awe na la kumweleza mama huyo kwa upole, maana hofu yake si ya kudharauliwa. Hata Ulaya, ambako watu hawakupungukiwa na shule, nondo huyu aliogopwa kwa karne nyingi kama mtangulizi wa kifo, na waliomwona ndani ya nyumba walimuua kwa sababu ileile. Alama ikiwa wazi kiasi hicho, halafu mdudu akatoa sauti, mtu yeyote atashtuka.

Lakini sauti hiyo imeshachunguzwa. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi uliotumia picha za eksirei na video za kasi, wakaonyesha kwamba nondo huvuta hewa kupitia mrija hadi kwenye uwazi ulio ndani ya kichwa, na hewa hiyo inapopita hutetemesha kikunjo kidogo kilichopo mlangoni mwa uwazi huo. Kisha huisukuma hewa hiyohiyo nje na kutoa mlio wa pili, mfupi zaidi. Nondo wengine wanaotoa sauti hutumia njia tofauti, kama kusugua viungo, na hii ya kupuliza kwa mdomo ni ya pekee. Anafanya hivyo anapokamatwa, na panya au ndege aliyemshika anaposhtuka na kulegeza, yeye hupata nafasi ya kuponyoka. Wapo waliodhani kwamba anaiga mlio wa malkia ili kuwatuliza nyuki, na dhana hiyo inapendeza kuisimulia darasani, lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hoja ya kujilinda ndiyo yenye ushahidi mzito, kwa sababu kila anayemshika nondo huyu huisikia sauti hiyo mwenyewe.

Namwombea nondo huyu uhai kwa sababu nyingine pia. Spishi hii husafiri. Kila mwaka baadhi yao huruka kutoka Afrika, huvuka Sahara na Mediterania, na kuzaliana Ulaya wakati wa joto. Mwaka 2022, wanasayansi wa Taasisi ya Max Planck iliyopo Konstanz walitangaza kwamba walikuwa wamewafunga nondo wa spishi hii virusha mawimbi vyepesi mno mgongoni, kisha wakawafuata usiku kwa ndege ndogo kuelekea milima ya Alps, kwa umbali uliofikia takriban kilomita 80 kwa usiku mmoja. Nondo hao walishika njia iliyonyooka hata upepo ulipowapiga kwa mbele au ubavuni, wakishuka chini karibu na ardhi pale upepo ulipokuwa mkali. Kwa mdudu anayeishi wiki chache, hiyo ni kazi inayostahili heshima, na ningefurahi kama watoto waliokimbia wangeitwa warudi, waonyeshwe lile tone la asali na mrija unaokunjuka.

Mkulima wa Sengerema ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Nami nina kiwavi mwenye pembe mkiani, ila yupo kwenye viazi vitamu, si viazi mviringo, na wapo wengi kidogo katika tuta moja. Wengine ni wa kijani na wengine wa hudhurungi iliyokoza. Pembe yao ni nyororo na imepinda mara moja tu kuelekea nyuma. Je, nao ni hawa wa fuvu?

Mpenda Wadudu (Morogoro) amejibu:

Hapana, ndugu yangu, na umeuliza kwa namna inayorahisisha jibu. Pembe nyororo iliyopinda mara moja, tena kwenye viazi vitamu, ni ya *Agrius convolvuli*, yule nondo wa kijivu mwenye pingili za waridi niliyemtaja mwanzoni. Viazi vitamu na magugu ya jamii yake yanayotambaa ndiyo chakula kikuu cha viwavi wake, ilhali *Acherontia* anapendelea ukoo wa mnavu.

Kwako hali ni tofauti na ya Bi Mzinga, kwa sababu *Agrius* akiwa mwingi anaweza kuyamaliza majani ya tuta zima, hasa mizizi ikiwa bado midogo. Pita jioni au alfajiri, tazama chini ya majani mahali unapoona vinyesi vikubwa vya duara vimeanguka, na uwaokote kwa mkono. Kuku wanawapenda sana. Baada ya kuvuna, lima udongo uugeuze ili pupa waliofukiwa wafichuliwe juani na kuliwa na ndege. Ukimpata pupa, utamtambua kwa kishikio kilichojikunja mbele kama mpini wa jagi, ambacho ni ala ya ule mrija mrefu. Pupa wa *Acherontia* hana kishikio hicho.